Kiti cha Mama Kina Joto

3 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, maana utaniambia ni njema, nami nitajua si kweli, na kila mmoja wetu atakuwa amepoteza mstari. Hapa nyumbani hali ni mbaya. Yule jirani mwenye gari aliyekuwa akimpandisha Mama hospitali amehamishwa kikazi. Aliaga Jumapili, na Jumanne tukabaki mlangoni tumevaa, tumebeba mkoba, hatuna wa kutupeleka.

Mama anatakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hospitali haijashuka, iko palepale kilimani. Wiki ya kwanza nilimpakia nyuma kwenye keria ya baiskeli yangu, nikaisukuma kwa miguu mpaka juu. Tulifika, lakini mimi nilifika nimekwisha, na siku ile cherehani sikuigusa. Wiki ya pili goti langu likagoma. Akakosa siku mbili. Mbili tu, na miguu yake ikavimba hata ndala zikawa hazimwingii, na akiongea anakatishwa na pumzi katikati ya neno. Daktari hakuficha kitu: akikosa tena mara mbili mfululizo, nijiandae. Tangu hapo namsukuma goti likiwa limefungwa kitambaa, na sijui litanivumilia mpaka lini.

Kwa hiyo sikiliza. Kuna mteja wangu, fundi wa viyoyozi, nimemshonea mapazia ya nyumba nzima, na badala ya malipo amenipa vifaa vya kuifanya baiskeli iende kwa umeme. Alivinunua kwa ajili yake, mkewe akamkataza kupanda. Kuna gurudumu lenye mota katikati, kuna betri nzito kama tofali, kuna kisanduku cha bati kinachotoa nyaya za rangi zote, na kishikio cha kuzungusha kwa mkono. Maelekezo yameandikwa kwa lugha ambayo hata herufi zake sizijui. Mzee Spoku wa pale kona, fundi baiskeli, amekubali kunisaidia, lakini ukimwonyesha waya anauliza mnyororo uko wapi.

Fundi umeme wa nyumba hii ni wewe. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamweleza mtu aliyezaliwa jana. Kuja kukuona siwezi, sina wa kumwachia Mama.

Yeye bado anajua uko kwenye ujenzi wa bwawa. Ameniagiza nikuulize maji yamefika wapi. Nitatunga jibu. Siku hizi nimekuwa hodari wa kutunga.

Yule msusi nilipishana naye jana. Vidole vyake bado vimejikunja tangu ule moto wa saluni. Alinisalimia, sikumwitikia. Mtu amesimama mahakamani akasema uongo mpaka ndugu yangu akafungwa miaka minne, salamu yake naipeleka wapi? Wakili anasema rufaa itasikilizwa Mei na tuna nafasi nzuri. Waya uliowekwa kwenye ukuta wa saluni yake hakuna aliyeuona, kwa sababu vifusi vilizolewa kabla mkaguzi wa moto hajafika. Ni neno lake dhidi ya lako. Umeshakaa mwaka mmoja, hiyo mitatu hutaikaa. Utatoka.

Dada yako

*

11 Machi

Dada,

Barua yako nimeisoma mara tano. Afande anayepitia barua zetu naye ameisoma mara mbili, akaniita kuniuliza hicho kisanduku cha bati ni cha nini. Nikamwambia kinaitwa kontrola, ndiyo akili ya baiskeli. Akacheka, akapiga muhuri. Mwaka mzima ninafyatua matofali hapa na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la kazi yangu. Nilirudi bwenini natembea kama nimepandishwa cheo.

Haya, fundi, kaa chini.

Gurudumu la mota liende mbele. Baiskeli yako ni ya zamani, uma wake wa mbele ni chuma kitupu, utahimili. Tairi na mpira wa ndani vihamishe kutoka gurudumu la zamani, hapo Mzee Spoku atajisikia yuko kwake. Mota ikipata nguvu, ekseli yake inataka kujizungusha ijitoe, kwa hiyo zile bati mbili zenye tundu bapa usizitupe ukadhani ni za ziada. Ndizo zinazoishika. Zikazwe mpaka mzee atoe jasho.

Kontrola ifunge mbele chini ya kikapu, maji yasiifikie. Nyaya zake zina soketi za rangi, kila moja ina mwenzake, na isipoingia kwa ulaini ujue umekosea mwenza. Tatu nene zinakwenda kwenye mota. Nyekundu na nyeusi zinakwenda kwenye betri, na betri uiunganishe mwisho kabisa, vitu vyote vikiwa tayari. Nyekundu isiguse nyeusi hata kwa utani.

Hendeli mpya za breki zina kiwaya chembamba kinachozima mota ukishika breki. Usiache kuziweka eti za zamani bado nzuri. Nakujua.

Betri isitikisike na isilowe. Na waya wa betri tumia uleule uliokuja nao. Ukiona haufiki, sogeza betri. Usiongeze waya.

Ijaribu kwanza na robota la vitambaa kabla ya Mama. Na mlimani usiiachie mota peke yake, kanyaga pedali kidogo uisaidie.

Mwambie Mama maji yamefika kwenye ngazi ya pili. Kuhusu yule msusi, mwitikie tu, Dada. Kuitikia salamu kunakupunguzia nini?

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Inakwenda! Mimi, mshona sketi, nimetengeneza kitu kinachokwenda chenyewe!

Barua yako ilifika Jumamosi. Jumapili na Jumatatu sikushona hata kifungo. Mzee Spoku alikaza zile bati huku akinung'unika kwamba baiskeli isiyotaka miguu ni uvivu uliopewa magurudumu. Nilipozungusha kishikio mara ya kwanza nilisahau kwamba breki ipo, nikaingia mzimamzima kwenye banda la fundi viatu na robota langu la vitambaa. Hakuna aliyeumia ila heshima yangu.

Jumanne nikampakia Mama. Pale mlima unapoanza nikafumba jicho moja, nikazungusha. Baiskeli ikanguruma kidogo, ikapanda. Tukampita muuza maji na mkokoteni wake, tukawapita watu wanaokwenda kazini, na Mama akawa anawapungia mkono mmoja mmoja kama kiongozi wa nchi. Tulifika kabla muuguzi hajafungua mlango. Na leo tena hivyohivyo. Mdogo wangu, nilikaa kwenye benchi la hospitali nikalia, kwa sababu goti haliniumi na siku imebaki nzima.

Sasa nikueleze kazi yangu mwenyewe, maana hapo najivunia. Baiskeli yangu ni ya kike, haina bomba la juu, betri haina pa kukaa katikati. Nikiiweka kwenye kikapu, usukani unayumba. Basi nimeifunga nyuma juu ya keria, nikaweka ubao juu yake, na juu ya ubao kiti cha Mama. Waya wake haukufika mbele hata nusu. Ulisema nisiongeze, lakini ulisema hivyo hujaona ilivyo. Nimeongeza. Waya nimeupata humuhumu ndani, nikausokota ncha kwa ncha, nikafunga tepu.

Na sikuukata. Unaijua sheria yangu, gauni halikatwi bila akiba ya pindo, kesho mtu ananenepa. Zimebaki kama mita mbili, nikazikunja vizuri na kuzishonea ndani ya kiti, katikati ya sponji. Juu nimeweka kitambaa kile kizito cha makochi, mshono mara mbili. Mvua haipiti.

Na kuna bahati sikuitegemea. Mama siku hizi ana baridi ya kudumu, damu imepungua, asubuhi hata akivaa masweta mawili meno yanagongana. Basi kile kiti kinampa joto. Tukianza kupanda tu, linakuja polepole, kama kimetoka kukaliwa na mtu mwingine. Anacheka peke yake huko nyuma. Nimemwambia maelekezo yote ni yako, umeyatuma kutoka bwawani. Akasema, "Kitindamimba wangu huyu, hata akiwa mbali ananipasha joto mgongoni."

Nimeona nikuandikie neno hilo kama alivyolisema.

Dada yako, fundi

*

28 Machi

Dada,

Usimpandishe Mama tena kwenye kiti hicho. Chomoa betri leo hii, ukiwa bado umeshika barua hii. Fumua, utoe waya uliouongeza.

Hicho kiti hakitakiwi kuwa na joto. Si bahati. Tafadhali usicheke, usimwulize Mzee Spoku, usingoje Jumamosi ipite kwanza.

Nimeomba nipige simu, afande amesema simu ya ofisi ni ya kazi. Nikamwomba apige yeye, akasema hawezi kumpigia mtu wa nje kuhusu kiti cha baiskeli. Simlaumu. Nimeandika kwa haraka nikiwahi mfuko wa posta.

Waya huo umeutoa wapi? Ni wa rangi gani?

Mdogo wako

*

5 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeipata. Nilikuandikia barua ya furaha, ya kwanza tangu ufungwe, na umenijibu kwa amri kama askari wa hapo unapoishi.

Nisimpandishe. Sawa. Nimpeleke kwa kitu gani? Utambeba wewe? Goti limeanza kupona, miguu ya Mama imeshuka, juzi alivaa viatu vya kufunga akazunguka navyo sebuleni kwa maringo. Daktari amemsifu. Unataka nirudi kumsukuma mpaka nianguke, akose mara mbili, nimzike, halafu tuwe salama?

Mzee Spoku nilimwuliza, na ndiyo, najua ulinikataza. Akaweka kiganja kwenye kiti akasema kila cha umeme kina joto, hata redio yake. Kuna harufu pia, ila mimi siisikii, chumba changu kinanuka pasi mwaka mzima. Muuguzi mmoja ndiye aliyeuliza nani kaunguza nguo. Leo tulipofika juu Mama alikuwa amejiinua upande mmoja, anacheka, ananiambia, "Leo umenichemshia." Nitaongeza sponji.

Na unaniuliza waya nimeutoa wapi. Nimeutoa kwenye sanduku lako la kazi, chini kabisa, umeviringishwa kwenye gazeti. Waya mweupe, bunda nusu. Kikaratasi cha duka bado kimebandikwa, na tarehe yake ni ya wiki ileile uliyofanya kazi ya saluni. Nilipouona nilishukuru. Nilisema, huu ndio wenyewe. Nilikuwa benchi la pili siku ile, mdogo wangu, nilikusikia kwa masikio yangu ukila kiapo kwamba waya uliouweka ulikuwa na uwezo wa kubeba mashine nne za kukausha nywele kwa mpigo. Nimeyashika maneno yale kuliko sala. Sasa waya uliobeba saluni nzima utashindwa na baiskeli ya mwanamke na mama yake?

Niambie nimekosea wapi. Kama huna la kuniambia, acha kunitisha. Rufaa ni mwezi ujao, tulia, usije ukaharibu kichwa chako kwa mawazo.

Dada yako

*

11 Aprili

Dada,

Waya ule ni mwembamba. Ni waya wa taa. Haukutakiwa kubeba hata mashine moja ya kukausha nywele, na mimi nilijua.

Nilidanganya mahakamani. Nilikudanganya na wewe, pale chumba cha wageni, umeshika wavu kwa vidole vyote kumi unaniuliza, "Niambie tu kama ni kweli," nikakutazama usoni nikasema si kweli.

Siku ile waya mnene uliniishia ukuta mmoja ukiwa umebaki. Duka lilikuwa limefungwa na msusi alikuwa amewaita wateja wake wa kwanza kesho yake. Nikachukua bunda la waya wa taa, nikaupitisha ukutani, nikapiga plasta juu. Nikajiambia nitarudi wiki ijayo kuubadilisha. Wiki ijayo ikaja na kazi nyingine. Baada ya mwezi msusi akanisimamisha njiani, akaniambia, "Fundi, ule ukuta wangu una joto, nikiuegemea napata raha ya mgongo." Na akacheka. Dada, alikuwa anacheka. Nikamwambia ni jua, ukuta ule unapigwa na jua la jioni. Ukuta ule haupigwi na jua saa yoyote. Siku kumi na moja baadaye aliingiza mikono yake motoni kumtoa mteja aliyekuwa amekaa chini ya mashine.

Uliponiandikia kwamba Mama anacheka kiti kina joto, nilisikia sauti ya msusi. Sijalala vizuri tangu hapo. Bunda lile nililificha mimi, asubuhi polisi walipokuja kunichukua, na nilijua lipo. Nilipokuandikia usiongeze waya nilikuwa naliwaza hilo hilo bunda, na bado sikuthubutu kukuambia kwa nini.

Sasa nielewe vizuri. Mota ikipanda mlima inavuta umeme mwingi, na waya mwembamba ukipitisha umeme mwingi unachemka. Ulivyoukunja ndani ya sponji joto halina pa kutokea, linajirundika, na ukiongeza sponji unazidisha. Betri haitakuokoa. Betri inajua kujizima ukiibebesha kupita kiasi, haijui kama waya ni mwembamba. Na betri yenyewe iko chini ya ubao uleule. Ikishika moto hiyo haizimwi kwa ndoo, na Mama hawezi kuruka.

Chomoa betri. Fumua. Tafuta waya mnene, wa nyuzi nyingi, mnene kama kalamu unayoandikia. Ukate kwa kipimo, usiache akiba hata ya kidole. Umeme si gauni. Maungio yasisokotwe, yachomelewe kwa risasi ya kuyeyushwa.

Nimehesabu. Barua zinachukua hata siku sita. Hii ikifika utakuwa umeshampandisha Mama mara mbili au tatu zaidi, na mimi nitakuwa nafyatua matofali sijui. Ningeweza kuitembeza kwa miguu ningeitembeza.

Bunda lililobaki lifanye utakalo.

Mdogo wako

Nimerudishiwa barua niongeze mstari kama nataka. Afande ameisoma mbele yangu, amesimama. Akaniuliza, "Unajua nakala inabaki kwenye faili lako? Na una rufaa mwezi ujao?" Nikamjibu najua. Akasema naweza kuipunguza, niandike tu utoe waya, yatosha. Nikamwambia hilo nilishaliandika, na wewe hukuutoa, kwa sababu unaniamini.

[Chini ya muhuri, kwa mwandiko mwingine:]

Dada, mimi ndiye ninayesoma barua zenu. Fumua kiti kwanza, ulie baadaye. Naipeleka posta mwenyewe.

*

18 Aprili

Mdogo wangu,

Bado nakuita hivyo. Nimeshika kalamu tangu asubuhi nikitafuta jina jingine la kukuita, sijalipata.

Barua yako ilifika jana, Alhamisi. Nilikuwa nimeshampandisha Mama. Nilimwacha kwenye mashine, nikashuka nimalizie sare za watu, na Mzee Spoku akanipungia bahasha. Niliisoma nimesimama, baiskeli nimeiegemeza kiunoni. Nilichomoa betri kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Halafu nikachukua mkasi nikakata mshono niliokusifia.

Sponji kwa juu ilikuwa nyeupe. Kwa ndani ilikuwa rangi ya chai, na katikati nyeusi, na kwenye weusi kulikuwa na shimo naingiza kidole gumba. Plastiki ya waya imeyeyuka, mikunjo imeshikana, shaba iko uchi. Kutoka kwenye shaba mpaka kitambaa anachokalia Mama palibaki unene wa ukucha. Mzee Spoku alivua kofia yake, akaketi chini. Hakusema neno juu ya redio yake.

Nililia baadaye, kama alivyoagiza afande. Kisha nikakuchukia. Nataka ulijue hilo bila kulipamba. Nilikuchukia kwa ajili ya Mama, na nikakuchukia zaidi kwa ajili yangu, kwa sababu kuna jambo sikukuandikia. Siku ya hukumu, pale nje ya mahakama, nilimtemea yule mwanamke mate miguuni. Mikono yake bado ilikuwa kwenye bandeji. Alitazama mate, akanitazama mimi, akaondoka. Na mwaka mzima tangu siku hiyo ni yeye anayenisalimia.

Nilipanda mlima kwa miguu nikiisukuma baiskeli, kumfuata Mama. Tulipokuwa tunashuka, nimeshika usukani na breki, yeye amekaa kwenye ubao mtupu, nikamwambia yote. Nikamwambia hakuna bwawa. Nikamwambia gereza, waya, ukuta, kiti. Sikumtazama, nilikuwa natazama njia. Nilisikia tu mkono wake umeshika gauni langu kwa nyuma, umelishika kwa nguvu. Tulipofika bondeni akasema, "Usikate kona ya nyumbani. Tupite kwa msusi."

Nilikuwa na kile kipande kilichoungua mfukoni. Msusi alifungua mlango kwa kiwiko. Mama ndiye aliyesema, kwa maneno machache. Akampa waya. Vidole vyake havina hisia, kwa hiyo aliupitisha shavuni, polepole, mara mbili. Akasema, "Nilijua sikuwa kichaa." Halafu akakaa kizingitini na sisi tukakaa. Akaniambia mimi, "Sikutaka afungwe. Nilitaka mtu mmoja tu akubali kwamba ukuta ulikuwa na joto, na kwamba nilisema."

Nikamwambia, "Ukuta ulikuwa na joto. Ulisema." Nikamwomba radhi kwa lile la mahakamani. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza. Aliuliza baiskeli itapandaje Jumamosi. Akaingia ndani akarudi na waya mnene chini ya kwapa, masalio ya fundi aliyemtengenezea upya kile chumba cha saluni. Akasema, "Kateni mnachohitaji."

Yule fundi wa viyoyozi amekuja kuuchomelea leo. Nimekata kwa kipimo.

Wakili wako anakuja wiki ijayo kupitia maelezo ya rufaa. Bunda liko mezani, kikaratasi cha duka juu. Akiniuliza nitamwonyesha. Asiponiuliza, sijui. Nikinyamaza, pengine nakala ya afande itakaa kwenye faili isisomwe na mtu, na Mei ukatoka, ukaja kunisaidia kumpeleka Mama. Nimeliwaza hilo. Niambie wewe nifanye nini, na safari hii niambie kweli.

Dada yako

*

26 Aprili

Dada,

Usingoje wakili akuulize. Mpe bunda.

Mimi nimeshamwandikia nimeiondoa rufaa. Amenijibu kwa hasira, na ana haki, amefanya kazi mwaka mzima juu ya neno langu. Hakuna aliyenilazimisha. Ile nakala hakuna aliyeiulizia, na afande hajaitaja tena. Ila nikitoka Mei nitapita wapi? Nyumba ya msusi iko kati ya kituo na kwetu.

Imebaki miaka mitatu. Naiogopa, sitakudanganya. Naogopa zaidi kwamba Mama hataingoja. Hilo ndilo linaloniamsha, na hilo siwezi kulitengeneza nikiwa huku kwa waya wa unene wowote. Amesema nini juu yangu? Hukuniandikia. Kama hakusema kitu, niandikie hivyo.

Na nakuomba jambo moja la kifundi. Mkifika juu, kabla hajateremka, pitisha mkono chini ya kiti. Uniambie.

Mdogo wako

*

4 Mei

Mdogo wangu,

Bunda limekwenda na wakili. Amelifunga kwenye bahasha bila kuniaga.

Jana tulipofika juu nilipitisha mkono chini ya kiti kama ulivyoomba. Nikashika waya wote, kutoka nyuma mpaka mbele. Ni baridi. Betri ni baridi, ubao ni baridi, sponji mpya ni baridi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Msusi alikuwa nasi, siku hizi Jumamosi anatangulia kwa miguu kumshikia Mama foleni. Naye aliweka shavu lake pale. Akatikisa kichwa kwamba sawa.

Kuhusu wewe, Mama alinyamaza wiki mbili, mpaka nikaogopa. Jana ndipo alipoongea, akiwa bado amekaa kwenye baiskeli, na alianza kwa kunilalamikia mimi. Kiti gani hiki, kinamgandisha. Nikamwambia hivi ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Akauliza imebaki miaka mingapi yako, nikamjibu mitatu.

Akavuta sweta, akashuka taratibu, akasema basi nikuandikie hivi: kiti kina baridi, lakini ana miaka mitatu ya kukikalia, atakizoea.

Dada yako